Mwali si jicho

Leo nimekuja na ugomvi. Si ugomvi na mtu, ni ugomvi na mazoea ambayo naona yameota mizizi miongoni mwetu sisi tunaoandika gemu, hasa tuliojifunza kwa kutazama video na kunakili.

Muulize mtu yeyote anayetumia Unity, Godot au Roblox jinsi ya kumfanya adui amwone mchezaji. Jibu ni moja: rusha mwali kutoka kwa adui hadi kwa mchezaji. Ukimgonga, ameonekana, mfukuze. Usipomgonga, hajaonekana, rudi kwenye doria. Mstari wa msimbo ni mmoja, unawekwa ndani ya fanksheni inayoitwa kila fremu, na mwalimu wa video anaaga.

Mimi nasema hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Na anayeumia tukiiacha hapo si mwandishi wa msimbo, ni mchezaji. Mtu aliyejificha vizuri, akatulia, akahesabu hatua za askari, kisha akapigwa risasi kupitia ukuta, hana pa kupeleka malalamiko. Anafunga gemu na kuifuta kwenye simu. Atakuwa na haki pia, maana amedhulumiwa.

Kwa wale wasioandika programu, nieleze kidogo. Neno mwali nalitumia kwa maana ya mwali wa jua, wingi wake miali. (Wenzangu wa Pwani mliofikiria mwali anayefundwa, tulieni.) Ndani ya kompyuta mwali ni kitu kidogo sana: sehemu ya kuanzia, upande wa kuelekea, na urefu. Unaipa injini ya gemu vitu hivyo vitatu, nayo inakujibu kama mstari huo umegonga kitu, ni kitu gani, wapi, umbali gani, na uso uliogongwa umeelekea wapi. Ndiyo hivyo tu. Mwali hauna upana. Hauna kumbukumbu. Unajibu kuhusu mstari mmoja kwa wakati mmoja, kisha unapotea.

Jina lenyewe huwachanganya watu kwa sababu limepita mikononi mwa wengi. Mwaka 1968 Arthur Appel wa IBM alieleza jinsi ya kutumia miali kuchora vitu vya pande tatu pamoja na vivuli vyake. Mwaka 1992 Wolfenstein 3D ya id Software ikatumia miali kuchora kuta, mwali mmoja kwa kila safu wima ya skrini. Ndiyo maana ukitafuta habari za kurusha miali utapata kwanza makala za kuchora kuta, uchanganyikiwe, ufunge kompyuta ukalale. Sisi hapa hatuchori kitu. Tunauliza swali, na ningependa ulikumbuke neno hilo unaposoma yanayofuata, kwamba mwali ni swali. Jicho ni jambo jingine kabisa.

Mfikirie soja wa usiku pale getini kwenu. Ana tochi. Tochi ina mwanga unaopanuka kama faneli, una mwisho wake, na soja haimuliki nyuma ya kisogo chake. Akikuona ukipita nyuma ya duka haanzi kudhani umeyeyuka. Anajua umeingia nyuma ya duka, na anakwenda kuangalia upande wa pili utokee. Hayo yote, yaani umbali, upana wa macho, na kile anachokumbuka, hayamo ndani ya mwali. Usipoyaandika wewe, hayapo.

Haya, tuanze na gharama, kwa sababu wengi wetu tunaandikia simu za bei nafuu na simu hizo huchemka.

Tuseme una uwanja wenye wapiganaji 40, kila mmoja akitaka kujua kama anawaona wengine 39. Hiyo ni jozi 1,560. Ukiuliza kila fremu kwa fremu 60 kwa sekunde, umerusha miali 93,600 kila sekunde. Kompyuta nzuri ya mezani huenda isilalamike. Simu itakayowekwa gemu yako kule Kakamega italalamika, kwanza kwa joto, kisha kwa betri, mwishoni kwa kukatakata picha.

Sasa jiulize: nani alisema mpiganaji lazima atazame mara 60 kwa sekunde? Binadamu mwenyewe akiona kitu huchukua karibu robo sekunde kabla hajafanya lolote. Mara 5 kwa sekunde zinatosha kabisa kwa askari wa kawaida, na kwa aliye mbali hata mara 2. Kwa mara 5 tumeshuka hadi 7,800. Halafu, kabla ya kurusha mwali, uliza maswali ya bei rahisi. Yuko mbali kuliko uwezo wa macho? Achana naye. Yuko nyuma yangu? Achana naye. Tuseme baada ya hapo kila mpiganaji amebaki na mtu mmoja tu aliye karibu na aliye mbele yake. Arobaini mara tano ni miali 200 kwa sekunde. Kutoka 93,600. Na hakuna mchezaji atakayeona tofauti, ila simu yake haitamuunguza mkono.

Kwa ufupi inakuwa hivi:

mara 5 kwa sekunde:
    kama umbali_mraba > 20 * 20: rudi
    kama yuko nje ya pembe ya macho: rudi
    kama mwali umezuiwa: rudi
    kumbuka(alipo, anakoelekea, saa)

Mawili ya haraka juu ya hapo. Umbali nimeuacha katika mraba wake, nikaulinganisha na mraba wa mita 20, kwa sababu kutafuta kipeuo cha pili ni kazi ya bure kama unachotaka ni kujua kipi kikubwa. Pembe nayo haihitaji kupimwa kwa digrii. Chukua vekta ya upande anaotazama askari na vekta ya kuelekea kwa mchezaji, zote ziwe na urefu wa 1, uzizidishe kwa zao la nukta. Jibu likizidi 0.707, mchezaji yuko ndani ya digrii 45 kila upande, yaani pembe ya digrii 90 kwa jumla. Ni kuzidisha mara tatu na kujumlisha mara mbili. Hesabu ya kidato. Lakini usiwaache askari wote 40 waulize kwenye fremu ileile, utapata kishindo kila sehemu ya tano ya sekunde. Wagawe kwenye fremu 12, watatu au wanne kila fremu.

Kwenye uwanja wazi kabisa usio na kuta maswali haya ya awali yatakuokoa kidogo tu. Lakini uwanja wa namna hiyo unauhitajia miali ya nini?

Wazo hili si langu, tena ni la zamani. Doom ilitoka mwaka 1993, na msimbo wake ukatolewa hadharani mwaka 1997, kwa hiyo yeyote anaweza kuusoma leo. Kabla ya kufuatilia mstari kati ya jini na mchezaji, programu huangalia kwanza jedwali lililotayarishwa pamoja na ramani: je, kutoka sehemu hii ya ramani inawezekana kabisa kuona sehemu ile? Jedwali likisema haiwezekani, hakuna mstari unaofuatiliwa. Kompyuta za wakati ule zilikuwa hafifu kuliko simu yoyote iliyo dukani leo, na gemu ilikimbia vizuri. Wale jamaa waliheshimu swali la gharama kubwa, wakaliacha la mwisho. Sisi tuna mashine nzuri tumekuwa wavivu.

Basi, tuseme umefika kwenye mwali wenyewe. Hapa ndipo nimeona watu wakiteseka siku nzima, na sababu kubwa ni kwamba kila injini ina tabia zake na mafunzo hayazitaji.

Unity, usipoiambia vingine, huruhusu miali igonge hata yale maboksi yasiyoonekana tunayoyaweka ili kujua mchezaji ameingia chumbani. Kwa hiyo umeweka boksi la kuanzisha muziki mlangoni, na kuanzia siku hiyo askari haoni chochote kupita mlango huo. Mlango uko wazi! Unatazama skrini, unaona mlango, unaona mchezaji, na mwali unasema umezuiwa. Dawa ni kuwaweka watu, kuta na maboksi kwenye matabaka tofauti na kuuambia mwali matabaka gani unaruhusiwa kugonga. Hiyo si mapambo, ni nusu ya kazi yenyewe. Unity hiyohiyo haigongi kolaida ambayo mwali umeanzia ndani yake, jambo linalokusaidia askari asijigonge mwenyewe, hadi siku mchezaji atakapomsogelea sana na macho ya askari yakawa ndani ya kolaida ya mchezaji. Hapo mchezaji amesimama puani kwa askari na haonekani. Na ukitumia ile fanksheni ya RaycastAll inayokurudishia vyote vilivyogongwa, usidhani vimepangwa kwa umbali. Mpangilio wake hauna uhakika. Upange mwenyewe.

Kwa Godot, nodi ya RayCast3D husasishwa mara moja kwa kila hatua ya fizikia. Ukiigeuza ielekee kwingine na kuiuliza papohapo, inakupa jibu la zamani, mpaka uilazimishe kwa force_raycast_update. Kwa Roblox ni urefu: vekta ya upande ndiyo hiyohiyo urefu wa mwali. Mtu anachukua vekta ya urefu wa 1 kama alivyozoea kwingine, mwali unakwenda hatua moja ya Roblox na kukoma, halafu analaumu intaneti.

Yote haya yangeonekana kwa dakika moja kama watu wangechora miali yao kwenye skrini. Kijani ukipita, nyekundu ukizuiwa. Injini zote tatu zinakupa namna ya kufanya hivyo. Sielewi kwa nini hili halifundishwi siku ya kwanza.

Halafu kuna swali la wapi uelekeze mwali. Mafunzo husema: alipo mchezaji. Lakini "alipo mchezaji" ni nukta moja, na mara nyingi nukta hiyo iko miguuni, wakati mwingine tumboni. Mchezaji akisimama nyuma ya ukuta mfupi, kichwa na mabega nje, mwali wa tumboni unazuiwa na askari anamtazama usoni bila kumwona. Upande mwingine, mwembamba kama ulivyo, mwali unaweza kupenya tundu la uzio ambalo hata paka hapiti, na mchezaji anapigwa risasi na mtu ambaye yeye mwenyewe hamwoni. Mimi hurusha mitatu: kichwani, kifuani, magotini. Ukipita mmoja, ameonekana kidogo. Ikipita yote, ameonekana wazi. Tofauti kati ya kidogo na wazi nitaitumia hivi punde.

Na kuna shamba la mahindi. Hili linanikera kuliko yote. Msanii ameweka shamba zuri, mabua marefu, majani yamesongamana, na mchezaji yeyote mwenye akili anaingia humo kujificha. Lakini majani hayana kolaida, kwa sababu kuweka kolaida kwenye kila jani ni kuiua simu. Kwa hiyo mchezaji anaona ukuta wa kijani, askari anaona uwanja mtupu. Msimbo hauna hitilafu hata moja na bado mchezaji ameibiwa. Dawa ni rahisi: weka boksi moja kubwa lisiloonekana juu ya shamba zima, kwenye tabaka lake pekee, watu wapite lakini miali ya macho isipite zaidi ya mita mbili ndani yake. Mita mbili kwa sababu hata kwenye mahindi ya kweli, aliye karibu nawe utamwona. Kwa gemu za vigae za pande mbili mambo ni mepesi zaidi. Huhitaji injini ya fizikia hata kidogo, unatembea kigae kwa kigae kutoka hapa hadi pale, ukikuta cha ukuta umezuiwa.

Sasa nije kwenye kiini cha ugomvi. Kugundua na kufuatilia ni kazi mbili. Mwali unaweza kukusaidia kugundua. Kufuatilia hauwezi, hata uurushe mara elfu, kwa sababu kufuatilia maana yake ni kujua kitu kiko wapi wakati hukioni.

Tazama zile skripti za kunakili zinavyofanya mchezaji anapoingia nyuma ya nguzo. Ziko za aina mbili. Ya kwanza, mwali unazuiwa, askari anasahau papohapo, anageuka na kurudi doria huku anapiga mluzi. Mtu alikuwa mbele yake nusu sekunde iliyopita! Ya pili ni mbaya zaidi. Askari akishaona mara moja, skripti inawasha kufukuza, na kufukuza kunasoma mahali alipo mchezaji moja kwa moja. Kuanzia hapo mchezaji azunguke jengo, apande ngazi, ajifiche kabatini, askari anakuja mstari mmoja hadi kabatini kama mbwa aliyenusa mfupa. Hiyo si akili. Askari amechungulia majibu.

Doom ilifanya hivyo hivyo na haikuharibika. Jini likishaamka linakufuata ulipo, ukuta usiwe hoja, ingawa kukupiga risasi lazima likuone. Lakini Doom ni gemu ya kukimbia na kufyatua. Hakuna aliyeahidiwa kwamba anaweza kujificha. Ukimpa mchezaji kitufe cha kuinama na vichaka vya kuingia, umemwahidi. Thief: The Dark Project ya Looking Glass Studios, mwaka 1998, iliahidi, ikatimiza. Tom Leonard aliyeandika akili za walinzi wale alieleza mwaka 2003 jinsi zilivyokuwa: mlinzi ana faneli kadhaa za kuona, si moja, kila moja na ukali wake, na ndani yake kuna viwango vya ufahamu vinavyopanda akipata ushahidi na kushuka taratibu asipopata. Hakuna "ameona" na "hajaona" tu. Kuna kushuku. Kuna kudhani ni panya.

Basi mimi nina sheria, na naisema bila kupepesa: mwali ukishazuiwa, hakuna mstari hata mmoja kwenye skripti ya askari unaoruhusiwa kusoma mahali halisi alipo mchezaji. Hata mmoja. Askari anaruhusiwa vitu vitatu tu: alipomwona mwisho, alikuwa anaelekea wapi kwa kasi gani, na muda uliopita tangu hapo. Kwa hivyo vitatu anaweza kukisia. Sekunde ya kwanza makisio ni mazuri, maana mtu anayekimbia mita 5 kwa sekunde bado yuko karibu na pale ulipotegemea. Baada ya sekunde 4 anaweza kuwa popote ndani ya duara la mita 20, na askari anapaswa kutafuta kama mtu asiyejua: achungulie milango iliyo karibu, asikilize, akate tamaa.

Ile tofauti ya kuonekana kidogo na kuonekana wazi inaingia hapa. Weka kipimo cha kushuku kutoka 0 hadi 1. Mwali mmoja ukipita, kipimo kinapanda polepole, mitatu ikipita kinapanda haraka, na aliye karibu kinapanda haraka zaidi. Usipopita wowote, kinashuka. Kikifika 1 ndipo anapiga kelele. Mchezaji anapata ile nusu sekunde ya moyo kudunda ambayo, ukiniuliza mimi, ndiyo gemu yenyewe.

Namna ya kujua kama umeitii sheria: chora alama nyekundu pale askari anapodhani mchezaji yupo. Si alipo, anapodhani yupo. Jifiche, zunguka, kisha tazama askari anakwenda wapi. Akienda kwenye alama, sawa. Akikuja kwako, kuna mahali kwenye skripti panavuja, tafuta.

Kuna wenzangu wataniambia mchezaji hajali, anataka tu maadui wawe wakali. Sikubali. Mchezaji hajui neno mwali wala kolaida, lakini anajua akidanganywa. Mtoto wa miaka tisa anayecheza kwenye simu ya mamake atakuambia "huyu ananiona kwa ukuta" baada ya dakika tano. Akishalijua hilo haingii tena kichakani, na kazi yote ya vichaka imekwenda na maji. Nitakubali jambo moja tu kwa upande wao: ukitaka kudanganya, danganya kumpendelea mchezaji. Risasi ya kwanza ikose.

Risasi nisizipite, ingawa ni fupi. Risasi ya mita 900 kwa sekunde, kwenye fizikia ya hatua 50 kwa sekunde ambayo Unity inakupa usipobadilisha, inaruka mita 18 kwa hatua moja. Ukuta wa sentimita 20 hautaguswa kamwe isipokuwa kwa bahati. Kwa hiyo kila hatua rusha mwali kutoka risasi ilipokuwa hadi ilipo sasa. Tena ni kumbukumbu: bila kukumbuka ilipokuwa, huna swali la kuuliza.

Na kumbukumbu ndiyo inayonileta kwenye kufyatuliana mtandaoni, mahali ambapo jambo hili linatugusa sisi wa huku kuliko wengi.

Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipanda setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi kwa mwendo wa mwanga tu ni karibu nusu sekunde. Hakukuwa na cha kujadili. Leo wa Nairobi anayecheza kwenye seva ya Ulaya bado anachelewa zaidi ya milisekunde 100. Tuseme 150. Adui anayekimbia mita 6 kwa sekunde amekwisha kusogea sentimita 90 katika muda huo. Umemlenga kifuani, kwenye skrini yako mwali umempiga katikati, lakini ujumbe wako ukifika kwenye seva yeye hayupo pale. Seva ikirusha mwali wake kwa dunia ya sasa, umekosa. Utakosa siku nzima, na utadhani huna shabaha.

Yahn Bernier wa Valve alieleza hadharani mwaka 2001 jinsi walivyolitatua: seva inaweka kumbukumbu ya mahali kila mchezaji alipokuwa kwa muda mfupi uliopita. Ukifyatua, inapiga hesabu ya kuchelewa kwako, inawarudisha wengine pale walipokuwa ulipovuta kifyatulio, inarusha mwali kwenye dunia hiyo iliyopita, kisha inawarudisha kwenye sasa. Naipenda sana. Mwali ni uleule wa kawaida, mstari mmoja, na haki yote iko kwenye kumbukumbu.

Ina bei yake. Aliyekwisha kuingia nyuma ya ukuta anaweza kufa kwa risasi iliyomkuta alipokuwa nje, kwa sababu kwenye skrini ya mpigaji alikuwa bado nje. Kwa hiyo waandishi huweka kikomo cha seva kurudi nyuma, na namba hiyo huchaguliwa na mtu aliyekaa karibu na seva yake. Akiandika milisekunde 100 kwa sababu kwake kila mtu anafika kwa 30, amewakata wachezaji wote wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam bila kujua wapo. Mimi ningeanza na 200, halafu nimwonyeshe aliyekufa mahali alipogongwa hasa, yule mzimu wake wa nyuma kidogo, aone kwamba hakupigwa kupitia ukuta. Gharama ya 200 ni ndogo: kwa seva ya hatua 60 kwa sekunde ni mahali 12 pa kukumbuka kwa kila mchezaji.

Makala ijayo, umeme ukikubali, nitaandika kuhusu kusikia. Sauti hupinda kona na kupita chini ya mlango, kwa hiyo mwali hapo ni chombo kibaya tangu mwanzo, lakini nimeona watu wanautumia.